Ndege Aliyetazama Nyuma

— Ulimfumia lini?

Kaka yangu aliuliza hivyo akiwa bado mlangoni, hata viatu hajavua. Wifi alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kufumia, mkono umeshika chanuo, lile kubwa la mbao la kukazia uzi. Mimi nilikuwa chini mkekani nasokota matamvua, na mama yetu alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani anakunja nyuzi kuwa bonge. Sote tulidhani anauliza habari za mteja.

— Nani tena, Fundi? wifi akasema.

— Usijitie hujui. Yule mleta nyuzi. Kijana wa pikapu.

— Nimfumie nini?

— Shali! Nimemwona leo sokoni kaitupia begani, anacheka na watu. Shali yenye ndege aliyegeuka!

Ngoja niwaeleze hapa, maana asiyejua kazi yetu ataona tunagombania nguo. Shali za nyumba yetu zina mapindo mawili, na kila pindo lina safu ya ndege wadogo, wote wanatazama upande mmoja kama watoto wa shule mstarini. Wamefumwa hivyo tangu enzi za bibi yake mama. Tulijua ipo shali moja tu ambayo ndege mmoja kageuza shingo anatazama nyuma, nayo ni ya kaka, wifi alimfumia walipooana. Namna ya kumgeuza huyo ndege mama alimfundisha wifi peke yake. Mimi bintiye wa kunizaa hakunifundisha, na nilinuna kweli kweli. Alimwambia wifi, "Huyu hafumwi kwa mteja, mwanangu. Anafumwa kwa mtu mmoja tu." Kaka alipoambiwa maneno hayo alivimba kichwa, akawa anaivaa shali yake hata kwenye jua kali.

Sasa mfikirie mtu kama huyo, akutane na ndege wake begani kwa mwanamume mwingine.

Wifi hakupaza sauti. Alimtazama mumewe, akauliza jambo moja.

— Uliiona shali, au ulimwona ndege?

— Kuna tofauti gani?

— Wewe mfumaji ndiye unaniuliza mimi tofauti?

— Usinizungushe! Juzi alipoleta nyuzi mlikuwa mnacheka pale uani. Mimi nikasema ah, mke wangu mcheshi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!

— Sijamfumia mtu yeyote. Ndege yule nimemfuma mara moja maishani mwangu, na unamvaa wewe.

— Kwa hiyo kajifuma mwenyewe?

— Kaka, nikaingilia, si umwite huyo kijana umuulize?

— Wewe kaa kimya. Ndoa yako mwenyewe ilikushinda.

Basi nikarudia matamvua yangu. Nilirudi nyumbani na begi moja, na kaka akikasirika hunikumbusha hilo begi. Bonge la nyuzi likamtoka mama mikononi, likabingirika mpaka chini ya kitanda cha kufumia. Mama hakuliinamia. Nikaliokota mimi, nikadhani ni kelele zimemchosha.

— Nenda kwenu, kaka akasema. Ukiwa tayari kusema ukweli, rudi.

— Ukweli nimeshausema. Usinifuate mpaka na wewe uwe na wa kwako.

Mwanamke mwingine angelitupa lile chanuo. Wifi alilirudisha taratibu mahali pake ili nyuzi zisivurugike, akaifunika kazi kwa kitambaa safi. Ile kazi ilikuwa shali ya mama. Mama hakuwahi kuwa na shali ya nyumba hii, fikiria! Kafumia dunia nzima, yeye anajifunika kanga. Wifi ndiye aliyesema mwaka huu lazima aipate.

— Mama, shali yako itachelewa kidogo. Unisamehe.

Mama alifungua mdomo. Akaufunga, akageukia dirisha.

Wifi akaenda kwa shangazi yake, ng'ambo ya soko. Usiku ule sikulala vizuri, nikamwandikia.

"Wifi umefika? Umekula?"

"Nimefika. Kula siwezi."

"Atapoa tu huyu. Unamjua."

"Nilidhani namjua."

Kaka naye, badala ya kupoa, akafanya kituko. Asubuhi alifunua kitambaa, akakaa kwenye benchi la mkewe, akaanza kufuma ile shali. Alisema kazi ya mama haitamsubiri mtu mwongo. Sasa, kaka ni fundi, simnyimi sifa zake, lakini katika ufumaji kila mkono una pigo lake. Wifi hupiga chanuo mara mbili, kidogo kidogo. Kaka hupiga mara moja, kwa nguvu, na siku ile alikuwa anapiga kama anayevunja mlango. Akafuma upana wa kiganja, akasimama mwenyewe kutazama.

— Kaka, shali imeota kovu.

— Naliona.

Lilikuwa kama ukanda uliokunja uso katikati ya kitambaa laini. Hata kipofu angelijua kwa kidole. Akainuka, akatoka nje, na kitanda kikanyamaza. Nyumba yetu haijawahi kunyamaza vile. Tangu nizaliwe nimezoea lile pigo, nikilala nalisikia, nikiamka nalisikia.

Nikamwambia wifi kwenye simu. Akajibu kwa maandishi:

"Kwa nini ameigusa? Ingekuwa ya mteja nisingejali. Ile ni ya mama."

Na mama ndiye aliyenitia hofu zaidi. Hakula. Nikimwekea chai inapoa, nikimwekea uji unaganda. Anakaa dirishani anatazama uani, mahali pikapu huegeshwa. Mwishowe akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

— Huyo kijana wa nyuzi. Yukoje?

— Mrefu. Mweusi wa kung'aa. Akicheka anafumba jicho moja.

Mama akashika ukingo wa dirisha.

— Jicho la kushoto?

— Mama, wewe si hujawahi hata kutoka nje akija?

Akanigeuzia kisogo. Mimi sina akili nyingi lakini pua ninayo. Nikachukua simu, nikampigia mleta nyuzi, nikaweka sauti kubwa kwa sababu mikono yangu ilikuwa na rangi.

— Dada, habari za huko? Nyuzi zimeisha?

— Nyuzi zipo. Nakuuliza kitu, na usinifiche. Ile shali yenye ndege umeipata wapi?

— Hii? Ya marehemu mzee wangu.

— Baba yako?

— Ndiyo. Tumemzika miezi michache iliyopita. Alikuwa haachani nayo. Mama yangu alishamwambia mara ngapi nunua nyingine, hii imechakaa, mzee anacheka tu. Kwani vipi, dada? Mbona na Fundi alinitolea macho pale sokoni kama ananidai?

Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa amesimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti, na hakuyafuta.

— Amekufa, akasema. Amekufa na mimi nakunja nyuzi.

Nikakata simu bila hata kuaga.

— Mama…

— Usiniulize. Nitasema mara moja tu, na si kwako peke yako. Mwambie huyo kijana aje kesho. Aje na shali.

— Mama, kaka atamla mzima.

— Kuna mtoto wa watu analia kwa shangazi yake kwa sababu yangu. Nilijua tangu siku ile ile, nikanyamaza, nikaona aibu. Mzee mzima naona aibu! Mwambie aje.

Kijana alikuja mchana, shali kaikunja kwapani, uso umejaa maswali. Kaka alimwona kutoka uani akaja mbio.

— Una moyo wa jiwe wewe! Umeleta miguu yako mpaka hapa?

— Mimi ndiye niliyemwita, mama akasema kutoka ndani. Karibu, baba. Keti. Na wewe njoo usimame hapa.

Kaka akaingia. Mama aliichukua ile shali kwa mikono miwili. Aliinusa, mbele yetu, bila kujificha. Kisha akaitandaza mezani yote, mpaka mapindo yakaning'inia.

— Haya, Fundi. Isome.

— Nimeshaisoma, mama. Huyo hapo ndege.

— Uliisoma ikiwa imekunjwa begani mwa mtu. Pitisha kidole katikati.

Kaka akapitisha kidole kwa hasira hasira, haraka. Kidole kikasimama. Akarudi nyuma, akapitisha tena, safari hii kwa ukucha, kutoka pindo moja mpaka jingine.

— Ina mshono, akasema polepole.

— Eeh. Vipande viwili vimeunganishwa. Kwa nini mtu aunganishe?

— Kitanda chake kilikuwa chembamba.

— Na kitanda chetu?

Kaka akageuka kukitazama. Kitanda chetu kipana alikiunda marehemu baba kwa mikono yake mwaka aliomwoa mama, watu wakaja kutoka mitaa mingine kukitazama, kwa sababu kwa mara ya kwanza shali ilitoka nzima. Tangu siku hiyo hakuna shali yenye mshono iliyotoka katika nyumba hii. Kile chembamba cha zamani kiliishia jikoni kuwa kuni kabla kaka hajazaliwa, na wifi hajawahi hata kukitia machoni.

— Nani aliifuma, mama? kaka akauliza.

— Mimi.

Mleta nyuzi aliinuka kitini, kisha akakaa tena.

— Nilikuwa msichana, mama akasema. Baba yake huyu alikuwa anapaka rangi nyuzi zetu. Akicheka anafumba jicho moja. Tulipendana, na wazee wakaamua vingine. Siku anaondoka nikampa hii. Huyu ndege nilimbuni mwenyewe, nikamgeuza shingo ili mtu mmoja duniani ajue namtazama. Sikumwona tena. Nikaolewa na baba yako.

— Na shali ya baba? kaka akauliza. Ile iliyoko kabatini?

— Kailete.

— Naijua, mama.

— Ndege wake wanatazama wapi?

Kaka alijibu akiitazama meza.

— Wote mbele.

— Wote mbele. Baba yako nilimheshimu. Nilimpikia, nilimzalia, nilimuuguza, nilimzika. Ndege sikumfumia.

Mimi nililia hapo, sitasema uongo. Nilimpenda baba. Kaka alishika meza kwa mikono yote miwili.

— Kwa hiyo aliishi na mtu asiyempenda, mpaka anakufa?

— Kaa chini, mwanangu. Mapenzi mengine hayaji na ngoma. Ya baba yako yaliingia taratibu, kama rangi inavyoingia kwenye uzi, huoni leo wala kesho. Nilipokuja kushtuka, nampenda. Nikataka kumfumia. Lakini macho yalikuwa yameshaisha, na ndege yule ni mdogo, hataki macho ya kubahatisha. Nikajaribu mara nyingi nikafumua. Ndipo nikamfundisha mke wako. Nikasema kama mimi nimechelewa, basi mwanawe asikose.

Uani kuku anaparua, hana habari.

— Baba alijua? kaka akauliza.

— Baba yako alikuwa fundi kuliko wewe. Yule mtu nilimfumia ndege, watu walimwona akiondoka naye begani mchana kweupe. Mume wangu mfumaji asijue?

— Alisema nini?

— Hakusema. Alikwenda kununua mbao, akaunda hiki kitanda. Akaniambia, "Sasa hutashona tena katikati." Hakuniuliza hata siku moja. Wewe umeuliza, na jibu hukulingoja.

Kaka aliketi chini sakafuni, mtu mzima na ndevu zake. Mama akaikunja ile shali, akamrudishia mleta nyuzi.

— Chukua, baba. Aliumwa nini?

— Kifua, mama. Hakuteseka sana, kijana akasema akifuta macho kwa mkono wa shati. Kama unaitaka, mama, ibaki hapa. Ni yako.

— Niliitoa kwa moyo wangu. Vaa. Na ukiifua usiikamue, mshono utaachia.

Jua halijazama, kaka alikuwa amevaa shati safi. Akaniambia twende wote, maana anamwogopa shangazi wa wifi. Kusema kweli hakuna asiyemwogopa. Alitupokea mlangoni, mkono kiunoni, ufagio mkononi.

— Hapa si stendi, mtu anashusha abiria anapotaka, anapakia anapotaka.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Umekuja kufuata nini?

— Nimekuja kuomba radhi.

— Majuto ni mjukuu, baba, huja kinyume. Subiri hapo hapo.

Tukasubiri hapo hapo. Wifi akatoka. Alikuwa amekonda shingo. Nikampa mkono, akaubana.

Kaka akasimulia yote, mshono, mama, baba, kitanda. Wifi aliposikia habari ya mama alijiziba mdomo. Kisha akasubiri. Mimi nilijua anachosubiri, na namshukuru Mungu kaka naye alijua.

— Uliniuliza swali, kaka akasema. Nilimwona ndege. Shali sikuiona.

— Na mimi je? Uliniona?

— Hapana.

— Miaka yote hii tunakaa benchi moja, Fundi. Unalijua pigo langu hata ukiwa umelala. Nikisema sijafanya, unanipeleka mlangoni kama mwizi?

— Sina la kujitetea. Nilikukosea. Nilikudhalilisha mbele ya mama na mbele ya mdogo wangu. Nisamehe, mke wangu.

— Nimekusikia.

— Tutarudi wote?

— Nimesema nimekusikia, sijasema nimepoa. Nitakuja asubuhi kumaliza shali ya mama. Jioni nitarudi hapa. Mengine tutaona.

Njiani kaka alitembea kichwa chini. Mimi nilitaka kumkumbusha lile begi langu, nikamwonea huruma.

Asubuhi wifi alikuja kweli. Kwanza alikwenda kwa mama, akapiga magoti, akamshika miguu, na wawili wale wakanong'onezana mambo yao. Kisha akafunua kitambaa. Akapitisha kidole juu ya ule ukanda wa kaka.

— Nifumue? kaka akauliza. Nitafumua uzi mmoja mmoja.

— Si yangu. Muulize mwenyewe.

— Acheni hivyo hivyo, mama akasema kutoka dirishani. Mkiniondolea kovu mtasema halikuwepo.

Pigo likarudi nyumbani, mara mbili, kidogo kidogo. Kila jioni wifi alijifunga mtandio wake akaenda kwa shangazi, na kaka akamsindikiza mpaka kona ya soko, hatua moja nyuma, mikono mgongoni. Asubuhi anamngoja pale pale. Majirani wakaanza kuuliza wale wawili wanachumbiana au vipi. Nikawajibu ndiyo.

Ikafika siku ya pindo la mwisho. Ndege wakaanza kusimama mmoja mmoja, wote wanatazama mbele. Walipobaki wawili watatu, kaka akasogea kwenye benchi.

— Nifundishe kumgeuza.

Wifi akaacha kupiga.

— Kwa nini?

— Mama kamfumia mtu. Wewe umenifumia mimi. Yeye hajafumiwa na mtu yeyote.

Wifi alimtazama muda mrefu. Kisha akasogea, akampa nafasi upande wake.

— Hesabu nyuzi nitakavyokuonyesha. Na usipige kama unavunja mlango.

Ilichukua asubuhi nzima. Kaka alitoka jasho utadhani anachimba kisima. Alifumua, akaanza tena, akafumua, wifi akamshika kidole akakipeleka kwenye uzi unaotakiwa. Mimi matamvua yaliniganda mikononi. Shali ilipokatwa kitandani, kaka mwenyewe aliipeleka dirishani, akaiweka mapajani mwa mama.

Mama macho yake hayaoni vitu vidogo. Akatembeza vidole kwenye pindo, ndege kwa ndege, polepole, mpaka akafika kwa yule. Vidole vikasimama. Akarudia shingo yake mara ya pili na ya tatu.

— Huyu ndege mbona shingo imepinda?

— Ni mimi, mama, kaka akasema. Nimemkosea kidogo.

— Umemkosea sana, mama akasema, akajifunika uso kwa ile shali.

Kaka alipiga magoti pale chini, akaweka kichwa mapajani mwake, wakalia pamoja. Wifi alikuwa kwenye benchi, amewapa mgongo, anajifanya anapanga nyuzi. Nikaona akichukua simu. Mimi mbea, nilichungulia.

"Shangazi, leo usinisubiri kula."

Jibu likaja hapo hapo.

"Begi lako nilishalifunga tangu juzi. Aje alichukue yeye mwenyewe, kwa mguu."